Bibi Harusi Asipelekwe kwa Mkaguzi

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, zile tulizofundishwa na mama pamoja na nyingine nilizojiongezea ukubwani. Goti linaendeleaje? Natumaini unaivaa ile bendeji, ingawa nakujua: ipo ndani ya droo, imekunjwa vizuri, inasubiri goti liharibike zaidi. Wifi naye hajambo? Mshukuru kwa sweta. Limenikaa vizuri mwilini, ila shingo ameifuma akikumbuka kichwa cha mtu mwingine, nami nikishalivaa hunibidi kumwita mtu aje anitoe.

Kwa upande wangu, nipo. Daktari alikuja juzi akausikiliza moyo wangu kwa muda mrefu, kisha akamwambia mpwa wako kwamba unafanya kazi kama mtumishi wa serikali: kazini unafika, ila hauna haraka, na siku yoyote unaweza kuomba kustaafu. Alidhani nimelala. Nikafumbua jicho moja nikamwambia kwamba mimi nilikuwa mtumishi wa serikali na sikuomba kustaafu, nilistaafishwa. Alicheka sana, lakini alichosema hakukibadilisha. Kwa hiyo haya ninayokuandikia uyachukulie kama maneno ya mtu aliyekwisha kuvaa viatu, na teksi inapiga honi nje.

Utajiuliza kwa nini naandika, wakati Jumamosi iliyopita ulikuwa umekaa ukingoni mwa kitanda hikihiki. Ukweli ni kwamba siku ile nilifungua kinywa mara kadhaa nikakifunga tena. Wewe ukadhani nina kiu, ukaninywesha. Nilikunywa maji mengi siku ile, ndugu yangu, kwa kukosa ujasiri tu. Macho yana haya, karatasi haina. Tena kwa mdomo ungenikatiza, kama unavyowakatiza wagonjwa wako kwa kuwatia kioo kinywani.

Ulikuja bila mkoba. Hapo ndipo nilipojua kuna jambo. Miaka yote hii hukuwahi kuingia kwangu Jumamosi bila ule mkoba, maombi ya kibali cha kurusha roketi upande mmoja na koleo za kung'olea meno upande wa pili. Ulivua viatu, ukakaa, ukasema yamekwisha. Jibu la wizara limefika, nalo ni lilelile. Ukanieleza kwamba chama chenu cha roketi kimekutana kwenye kliniki yako baada ya mgonjwa wa mwisho kuondoka: wewe, Mwalimu wa Kemia anayetunza ufunguo wa kiwashio, na Seremala wa Majeneza anayewachongea roketi zenu pua. Mmekubaliana kwamba mmezeeka na serikali haizeeki. Jumamosi hii mtazipakia roketi zote kwenye gari la Seremala, mzipeleke kwenye yadi ya Mkaguzi wa wizara, zipondwe kama kifungu cha kanuni kinavyotaka, halafu kila mtu arudi nyumbani akapande maua. Mwalimu wa Kemia alitoka nje akajifanya anapokea simu. Seremala akasema amebeba maiti wa kila aina, ila hajawahi kubeba maiti asiyewahi kuishi.

Alikuwa anamsema Bibi Harusi. Nilimwelewa, nikahisi moyo wangu unajaribu kuharakisha na kushindwa. Ile roketi nyeupe umeijenga kwa yale mabomba ya karatasi ngumu yanayobaki dukani vitambaa vikishauzwa, mpaka ikakupita urefu. Ukaukata mwavuli mzima wa wifi uwe parachuti, na wifi akatembea na mvua msimu mzima bila kujua mwizi analala naye kitanda kimoja. Kwa kukosa kibali umeisimamisha nyuma ya kiti cha wagonjwa, nao wanadhani ni mashine ya magego. Bado nacheka nikimkumbuka yule mama aliyekuja na jino bovu, akaitazama kutoka chini mpaka juu, akasema jino limepoa, akaondoka nalo.

Lakini nilivyokuona, lililokuuma zaidi halikuwa lile "hapana". Lilikuwa mende.

Fomu ile ya maombi, kama tunavyoijua wewe na mimi, inamtaka mwombaji aandike jina la rubani, cheti cha afya cha rubani, na idadi ya abiria. Roketi yenyewe, wakati ule, ilikuwa na urefu wa mkono wangu. Mwaka mmoja ulichoka, ukaandika kwamba hakuna abiria, isipokuwa akiingia mende. Nikakusihi ulifute, ukakataa. Jibu likaja kwamba usafirishaji wa wadudu kwa njia ya anga unahitaji kibali cha idara ya mifugo, na kwamba mwombaji hakueleza kama mende huyo atarudi. Chama kizima mlilikariri jibu lile. Seremala alikuwa akilighani kazini huku akipiga randa, mpaka wafiwa wakamwomba anyamaze. Na sasa, Jumamosi iliyopita, ukaniambia jibu la mwaka huu nalo linauliza habari za mende, wakati safari hii hukuandika mende, wala nzi, wala mdudu yeyote. Ukalipiga goti lako bovu kwa ngumi, ukaruka kwa maumivu, ukamlaani yule punguani wa wizarani kwa laana zote unazozijua, pamoja na moja niliyokuwa sijawahi kuisikia. Ukasema unaamini kabisa kwamba punguani huyo ni Mkaguzi mwenyewe, ndiyo maana humwitikii salamu, na ndiyo maana alipokuja na shavu limevimba ulimwambia umeishiwa ganzi.

Kisha ukaniinua kichwa, ukanigeuzia mto upande wa baridi, ukasema kwamba katika vita hii yote mtu pekee aliyesimama nawe tangu mwanzo ni mimi. Hapo ndipo nilipofungua kinywa tena, ukaninywesha maji mara ya tatu.

Ngoja nianzie mbali kidogo, maana hili siwezi kuliingia kwa mguu mmoja.

Unaikumbuka ile roketi ya kwanza, uliyoirusha uani kwa mama? Ulikuwa mtu mzima tayari, una kliniki na mke, usije ukasingizia utoto. Ilipanda kidogo, ikabadili mawazo, ikapita katikati ya kamba ya nguo, ikatoboa gauni la sherehe la mama, ikaingia kwa dirisha la mwenye nyumba na kutua kwenye beseni la vyombo. Wewe ulitoka kwenye moshi huna nyusi. Kwa wiki kadhaa uling'oa meno ya watu bila nyusi, na wagonjwa wakalalamika kwamba kila wanachokueleza unakishangaa.

Sote tulicheka. Mama hakucheka. Kesho yake alikuja ofisini kwangu, ghorofa ya tatu, kwa ngazi, amelivaa lilelile gauni lenye tundu, na tundu amelielekeza kwangu. Jambo hili sikukuambia. Alikaa, akakataa chai, akasema kwamba miaka yote mimi huwaringia majirani kuwa ndiye ninayeandika sheria za nchi. Nimeandika za mizani, nimeandika za vivuko, nimeandika za ngozi za mbuzi. Je, nimeshindwa kumwandikia mdogo wangu? Nikamweleza kwa upole kwamba sheria haiandikwi kwa ajili ya mtu mmoja. Akafikiri, akasema basi niwaandikie watu wote, naye atakuwemo.

Ndiyo, mdogo wangu. Uvute kiti ukae. Punguani wa wizarani ni mimi.

Kanuni ya kuzuia roketi zisizo na kibali niliiandika asubuhi ileile, mama akinisubiri kwenye benchi la koridoni na mkoba wake mapajani, kama mtu anayesubiri viatu vyake kwa fundi. Ndiyo sababu kuna rubani na abiria: kwa haraka nilichukua fomu ya ndege ndogo, nikafuta neno ndege nikatia roketi, na mengine sikuyagusa. Waziri alikuwa na rundo la kutia saini. Aliuliza tu kama hii inahusu mpira. Nikamwambia hapana, akatia saini. Nilipomwonyesha mama, aliitazama ile saini muda mrefu, akanitaka niape kwamba maadamu yeye yu hai hutapata kibali. Nikaapa. Nani angekataa, na lile tundu linamtazama?

Nilidhani utakasirika mwezi mmoja, kisha uhamie kwenye kufuga samaki. Badala yake ulikuja kwangu na fomu, ukasema dada yangu anajua lugha ya wale watu, atanisaidia. Ningefanya nini? Maji nilikuwa nimeshayavulia nguo. Basi Jumamosi tunakaa mezani kwangu mimi na wewe, tunaandika maombi. Jumatatu maombi yananifikia ofisini, nami nayajibu. Usidhani ilikuwa rahisi. Hoja nilizokutungia Jumamosi zilikuwa nzuri kiasi kwamba Jumatatu zilinishinda mwenyewe. Kuna mwaka nilikaa nazo mpaka Alhamisi, sioni pa kuzishika, mwishowe nikajibu kwamba ombi limeandikwa kwa wino usiofaa. Ulipolisoma lile jibu ulisema huyu mtu ana akili, anaandika karibu kama wewe dada, tofauti ni kwamba hana moyo. Nikaenda jikoni kuangalia birika ambalo sikuwa nimeliweka motoni.

Na jibu la mende niliandika mimi. Nililicheka peke yangu ofisini mpaka katibu muhtasi akaleta maji na kuuliza kama amwite mume wangu. Naomba radhi kwa yote, lakini kwa lile la mende nitakuwa mwongo nikisema najuta. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wewe ulikuwa ukikitafuta wizarani, nacho kilikuwa kinakumiminia chai.

Laiti ingekuwa hayo tu, ningelala. Lipo jingine, zito zaidi, nalo ndilo lililonifanya niombe kalamu.

Kanuni ile niliiandika kuwa ya muda. Kanuni za muda ni kama maziwa, zina siku zake. Kila baada ya miaka miwili Waziri asipotia saini upya, zinakufa zenyewe, bila mazishi wala tangazo. Kazi ya kumpelekea Waziri karatasi ya kuihuisha ilikuwa yangu. Mama alipofariki, kiapo changu kilikwisha. Mwaka uleule nikastaafu, na karatasi ya mwaka ule sikuipeleka. Niliiacha kwa makusudi. Ilikuwa zawadi yangu kwako. Nilipanga nikwambie siku ya karamu yangu ya kuagwa, mbele ya keki.

Umenielewa? Kanuni ilikufa tangu nilipostaafu. Miaka kumi na zaidi umekuwa unapigana na maiti. Hukuhitaji kibali cha mtu. Hayupo anayekukataza, hayupo aliyekukataza; wewe na Seremala na Mwalimu mmekuwa mkiitii hewa.

Utauliza: basi hayo majibu yanaandikwa na nani? Yanaandikwa na vijana walionirithi. Pale ofisini hakuna anayeuliza kama kanuni iko hai. Wanauliza kama kuna faili, na faili lipo, nene, limejaa majibu yangu. Ombi lako likifika wanachomoa jibu mojawapo, wanabadilisha tarehe, wanagonga muhuri. Mwaka huu kijana mmoja amechomoa la mende bila kulisoma. Ulipokuwa unamlaani kwa ajili ya mende wako, mimi nilikuwa nayasikiliza maneno yangu mwenyewe yakirudi, na kwa kweli, Mungu anisamehe, niliona yameandikwa vizuri.

Na Mkaguzi naye hakuandika hata nukta. Anatumwa, anakuja na futi yake ya kupimia, anapima, anaondoka. Kwenye ile karamu aliniambia kwamba katika kazi zake zote, siku anayoipenda ni ya kuja kupima roketi zenu, na kwamba anapima polepole ili isiishe. Amepanda basi kwenda mji mwingine kung'oa jino kwa sababu yangu. Nakuomba umwangalie kinywa, na ganzi uitafute.

Sasa, kwa nini sikukuambia mbele ya keki? Nilikuwa nimejiandaa. Lakini unakumbuka kwamba shemeji yako alifariki majuma machache kabla ya siku hiyo, na karamu ikawa karamu ya watu wanaokula kwa sauti ya chini. Nikasema nitakwambia Jumamosi. Jumamosi ikafika, nyumba imenyamaza kiasi kwamba nasikia friji likipumua, mara wewe huyo mlangoni na mkoba wako. Ukavua viatu. Ukatandaza makaratasi meza nzima. Ukamlaani punguani mpaka jua likaingia dirisha la upande wa pili. Ukala, ukanywa, ukasinzia kwenye kile kiti cha marehemu ambacho hakuna mtu mwingine aliyethubutu kukikalia. Nami nikakutazama nikawaza: nikimwambia huyu leo, Jumamosi ijayo atakuwa kwenye uwanja nyuma ya kiwanda cha matofali, anaangalia juu. Na inayofuata, na inayofuata. Atakuwa na furaha, nami nitakuwa na friji.

Nikasema nitamwambia wiki ijayo. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa na Jumamosi nyingi, na kila moja nilikuwekea mkate na chai.

Hii siyo habari ya mama tena, wala kiapo. Nimekunyima anga lako ili nipate mtu wa kukaa naye mezani. Nimelisema, limekwisha kusemwa.

Basi nisikilize kwa makini, mara hii kwa faida yako. Mpwa wako atakuletea barua hii Alhamisi mkononi. Ijumaa umtume Mwalimu wa Kemia maktaba ya serikali. Asome gazeti rasmi la mwaka niliostaafu na yaliyofuata, akitafuta saini ya kuihuisha kanuni ya roketi ndogo. Hataiona. Yeye ni mtu wa kuhakiki, hatanichukulia kwa maneno matupu, na ana haki. Akisharidhika, wapigie simu zimamoto na wale wa uwanja wa ndege, muwaambie saa na mahali, kama watu waungwana. Seremala usimwambie kitu mpaka Jumamosi asubuhi, maana siri anazozitunza ni za wale tu aliokwisha kuwapigilia misumari. Usiwaandikie wizara barua ya shukrani wala ya matusi. Ukiwaamsha, wataihuisha.

Halafu hilo gari la majeneza lipakieni kama mlivyopanga, ila likifika njia panda lisikate kwenda kwa Mkaguzi. Linyooke mpaka kiwanda cha matofali. Fuateni masharti ya Mwalimu, ambayo ni bora kuliko yangu: watu nyuma ya ukuta, ufunguo mfukoni mwake, kuhesabu kwa sauti. Wewe una kawaida ya kusogea uone vizuri, usisogee. Nyusi ulizonazo sasa ni nyeupe na chache, na hazitaota tena. Wifi aje ajionee mwavuli wake.

Naomba jambo moja, nalo si msamaha. Msamaha utaupanga mwenyewe, ukubwa na siku yake. Naomba Jumamosi usije hapa. Najua ukishasoma barua hii utataka kuja mbio, ama kunipigia kelele ama kunishika mkono, na goti lako litapanda zile ngazi kabla yako. Usije. Kama daktari amesema kweli na teksi ikanichukua siku hiyo, mpwa wako ameshaambiwa asikupigie simu mpaka jioni, mkiwa mmeshaikunja kamba ya kiwashio na kumwokota Bibi Harusi popote alipoangukia. Nataka kujua kwamba kuna Jumamosi moja uliyokuwa unatazama juu, nami sikukushika shati.

Na nikiwa bado nipo, basi njoo siku nyingine yoyote. Jumatatu, Jumatano, utakavyo. Njoo mikono mitupu. Wote waliokuwa wakinifuata maishani walikuja na karatasi ya kuandikiwa, hata mama, hata wewe. Ningependa, kabla sijaondoka, mtu apande ngazi zile akiwa hana haja nami hata kidogo, avue viatu, akae tu.

Nisalimie wifi, nisalimie Mwalimu wa Kemia, na Seremala mwambie nampa heshima zake ila bado sijampa vipimo. Mpwa wako anakusalimu. Yupo mlangoni anasema nimeandika vya kutosha. Ubaki na afya, na uivae bendeji.

Ni mimi, uliyenyonya naye ziwa moja,

Dada yako